Makaa Chini ya Kitanda cha Mama

Kaka yangu hupaka magari rangi. Nalisema hilo mapema ili ijulikane hasira zangu zinaelekea wapi. Gereji yake iko mbele ya parseli yetu, yaani kiwanja chetu, pale Buyenzi, upande wa barabara. Nyumba aliyotuachia baba iko nyuma, na kati ya gereji na chumba cha mama kuna ukuta mmoja tu wa matofali, wenye matundu ya hewa juu karibu na bati. Mvua ikinyesha rangi haikauki vizuri, kwa hiyo hapulizi. Kwa miaka mingi nimekuwa mtu pekee mtaani anayeomba mvua isikatike na matope yafike magotini.

Anayeijua kazi hiyo hahitaji kuelezwa. Fundi anachanganya rangi na dawa ya kuiyeyusha, ile mafundi wetu wanayoiita diluant, anaijaza kwenye pistole, bunduki ya kupulizia, kompresa inaanza kuunguruma, na gari linapigwa mkono wa kwanza, wa pili, wa tatu. Vumbi la rangi lenyewe huanguka likashika sakafu. Mvuke wa diluant hauanguki. Unapanda hadi kwenye matundu ya ukuta, unashuka upande wa pili, unaingia kwenye shuka, kwenye unga, kwenye maji ya kunywa. Nimekunywa chai yenye ladha ya teksi ya mtu nisiyemjua. Nimesimama mbele ya darasa nikinuka boneti.

Mama yangu ana pumu. Umri umemwondolea pia masikio. Ukitaka akusikie lazima ukae karibu upaze sauti, na hata hapo atajibu lile alilotaka yeye kuulizwa. Miguu nayo ni ya kubembeleza. Kwa hiyo siku nzima yuko kitandani, tasbihi mkononi, na hewa anayovuta ni ile anayotumiwa na mwanawe kupitia ukutani. Pumu ilipozidi nilimpeleka kwa daktari. Daktari alimsikiliza kifua, akauliza tunakaa wapi, nikamweleza. Akaniangalia mimi, siyo mama, akasema: ama umwondoe mama kwenye ile rangi, ama uiondoe rangi kwa mama. Dawa aliandika, lakini aliziandika kama mtu asiyeziamini.

Nilitafuta chumba Kinanira, kule kwenye mteremko, ambako asubuhi unaona ziwa lote na hewa haina la kumwambia mtu. Nikarudi nyumbani na habari hiyo nikidhani nimebeba zawadi.

"Mi sitoke hapa," mama alisema. "We enda. Uko na mshahara yako, enda ukae na upepo yako. Mi niko na mutoto yangu."

"Na mimi ni nani?"

"We ni mwalimu."

Tumezaliwa wawili tu, kaka na mimi, na nadhani mama alikwisha maliza hesabu yake kwa yule wa kwanza.

Nikaenda kwa kaka mwenyewe. Nilimkuta amechuchumaa akisugua mlango wa gari kwa msasa wa maji. Nikamwomba ahamishe gereji, popote, hata kule karibu na bandari ambako kuna mabanda matupu. Hakuinua kichwa.

"Bakliya wangu banajua hapa," alisema, akimaanisha wateja. "Prof, unataka niende kupuliza samaki?"

Mafundi wake walicheka. Ananiita Prof tangu nianze chuo, na hajawahi kulitamka neno hilo bila kulitia chumvi. Nikamwambia mama atakufa. Akasema mama ni wake pia. Nikaulizia kwa wazee wa familia kama naweza kumshitaki kwenye ofisi ya komini, wakaniangalia kana kwamba nimeomba ruhusa ya kula nguruwe. Mtoto wa mama yako humpeleki ofisini. Basi mlango ule nao ukafungwa.

Sasa nieleze makaa.

Nilisoma kemia kule kampasi ya Mutanga Sud, na katika yote niliyosahau, hili halikunitoka: makaa yakitengenezwa inavyotakiwa yanakuwa na vitundu vidogo mno visivyoonekana, vingi hata gao moja la mkono lina nafasi ya kulaza uwanja mzima wa mpira. Mvuke unaopita humo unanasa. Siyo kwamba makaa yanaukaanga au kuugeuza. Yanaushika tu na kukaa nao mpaka yajae. Viwandani huuzwa kwa bei ya wakubwa. Lakini yanatokana na takataka: vifuu vya nazi, pumba, maganda ya kahawa, na vifuu vya kokwa za mchikichi. Hivyo vya mwisho sisi tumejaliwa. Wanawake wanaokamua mafuta ya kokwa kwa ajili ya sabuni hutupa vifuu vyao nyuma ya nyumba, na wanamshukuru yeyote anayewaondolea.

Nilivileta kwa magunia. Nilivichoma uani ndani ya pipa lililofunikwa, na tundu dogo tu la kupumulia, ili viive bila kuwa majivu. Kisha nikachoma maganda ya ndizi yaliyokauka, nikachuja majivu yake kwa maji, nikapata yale maji makali yanayoteleza vidoleni ambayo bibi zetu walipikia sabuni. Makaa yakalowa humo. Halafu yanatakiwa moto wa pili, mkali kuliko wa jikoni, na huo nikaupata kwa wale wanaosubu sufuria za alumini mtaa wa pili, ambao walinikubalia nitumie tanuri lao walipomaliza kazi. Mwisho ni kuosha, na kuosha, na kuosha, mpaka maji yaache kuteleza. Mikono ilinichubuka. Nilikuwa na ukali kiasi kwamba sikuusikia uchungu.

Moshi wa lile pipa, bila shaka, uliingia chumbani kwa mama.

"Unasema mutoto yangu ananiua na rangi," aliniambia, akikohoa, "na we unaniua na moshi. Mupatane mutu mumoja aniue."

Kaka alicheka huko mbele mpaka nikamsikia. Nilihamishia pipa kwenye kiwanja cha wasubu sufuria nikaendelea.

Siku ya kupima, nilitia wino wa bluu kwenye chupa ya maji, nikamimina juu ya makaa, na maji yakatoka chini yakiwa meupe kama ya bomba. Nilikuwa peke yangu jikoni. Nilipiga vigelegele peke yangu, mwanamke mzima na digrii yake.

Kikabaki kisanduku cha kuyawekea. Kaka alikubali nitoboe ukuta wa upande wa barabara na kuweka feni ya kuvuta hewa, na matundu ya ukuta wa mama niyazibe kwa saruji. Feni ilikuwa ivute hewa yote ya gereji, ipite kwanza kwenye kitambaa kinachonasa vumbi la rangi, kisha kwenye trei za wavu zilizojaa makaa yangu, ndiyo itoke nje. Alikubali, nasema, lakini alikubali kwa namna yake: kesho, kesho kutwa, kuna gari la bwana fulani, kuna harusi. Wiki zikapita. Ilikuwa masika, kila kona ya nyumba inavuja au inaota ukungu, na mahali pakavu ni pamoja tu: chumba cha mama, ambacho bati lake nililibadilisha mimi. Nikayapanga magunia ya makaa chini ya kitanda chake. Nilijiona mwerevu.

Sasa, nyumba yetu ni nyumba ya ubani. Kila Alhamisi baada ya magharibi mama anawasha chetezo, anatia ubani, anatia na kijiti cha udi kikiwepo, anafunga mlango na dirisha ili malaika wasikose kitu, na anakaa humo na pumu yake akisoma Yasini. Siku nyingine pia, akiota vibaya au akihisi jicho la mtu. Daktari alikwisha kumkataza na yeye alikwisha kumsamehe daktari. Nilizaliwa ndani ya harufu hiyo. Siisikii tena, sawa na mtu asivyousikia mgongo wake. Haikunipitia kichwani hata kidogo kwamba yale magunia chini ya kitanda hayakuwa yamelala. Yalikuwa kazini.

Siku ya kufungua, kaka aliita watu. Mafundi wa injini, washonaji viti, muuza mandazi, wote wakasimama mlangoni na mikono kifuani. Akawasha kompresa, akaanza kupuliza teksi. Nikawasha feni. Nilisimama nje chini ya tundu la kutolea hewa, uso juu, nikisubiri hewa safi.

Kilichotoka kwanza ni ubani.

Ulitoka mzito, mtamu, ubani wa Alhamisi zote za masika, ukamwagika barabarani. Mvuke wa diluant ulikuwa unaingia kwenye makaa na kuusukuma ubani nje upate nafasi. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli alisema "Allahumma salli" akatazama huku na huku kumtafuta maiti. Kisha, kabla teksi haijamaliza mkono wa pili, ubani ukaisha na diluant ikafuata nyuma yake, kali kuliko siku zote. Makaa yalikuwa yameshiba kabla ya kuletwa mezani.

"Prof!" kaka alipiga kelele kutoka ndani, ameushika ukuta asianguke kwa kicheko. "Makaa yako imesilimu!"

Nilicheka baadaye, miezi baadaye. Siku ile sikucheka. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba siku atakapomzika mama ajichimbie mwenyewe kaburi, mimi sitashika hata jembe. Muuza mandazi aliondoka. Nikaingia chumbani kwa mama nikaanza naye, kwa sauti ya kusikika na viziwi, kuhusu ubani, makaa, jasho langu, mikono yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ubani haiharibu kitu," alisema. "Pengine ni kitu yako ilikuwa imeharibika."

Wiki hiyohiyo pumu ilimkamata vibaya. Tulimbeba, kaka miguuni na mimi mabegani. Alilala hospitali na bomba puani, midomo imekuwa ya kijivu, na sisi wawili tulikaa pande mbili za kitanda tukitazama ukuta. Niliogopa. Nilikuwa na hasira na niliogopa.

Aliporudi nyumbani nilianza upya. Vifuu, pipa, maji ya majivu, tanuri, kuosha. Safari hii niliyatia makaa kwenye makopo makubwa ya bati yenye vifuniko vya kubana yaliyokuwa ya rangi, baada ya kuyachoma ndani mpaka yakawa hayana harufu yoyote. Makopo alinipa kaka. Nikisema alinipa, namaanisha aliyapiga teke moja moja uani kuelekea mlango wangu. Na ilipofika siku ya kuyajaza kwenye trei hakuita mtu.

Alipuliza gari zima. Nilisimama nje chini ya tundu. Hewa iliyotoka ilikuwa ya moto kidogo na haikuwa na harufu ya kitu chochote. Nilikwenda chumbani kwa mama, nikavuta pumzi: godoro, mafuta ya nazi, dawa ya kuchua. Basi. Kaka alitoka, akavua barakoa, akaja akasimama pale niliposimama mimi, akanusa. Akanusa tena. Akatema mate pembeni, akarudi ndani kuanza gari lingine. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa hotuba.

Mama akaanza kulala usiku mzima. Sauti ya filimbi ikatoka kifuani. Mwezi ule nilikuwa sina adabu kabisa kwa furaha. Nilimsalimia kila mtu mtaani kana kwamba ananidai pongezi.

Kisha nikarudi kutoka shule mchana mmoja nikakuta kitanda kitupu.

Nilimpata gereji. Alikuwa amekalia kiti cha plastiki, ndani, hatua chache tu kutoka kwenye gari lililokuwa bado linang'aa rangi mbichi, kitenge amekifunika puani, macho mekundu yanatiririka. Kaka alikuwa amesimama mbele yake, pistole imening'inia mkononi, kompresa imezimwa.

"Nimemufukuza," alisema kabla sijafungua mdomo. "Kila siku nikianza, anakuja. Namurudisha, anakuja. Leo nimeacha kazi katikati. Uangalie, rangi imeniharibikia."

Nilichuchumaa sikioni kwa mama. "Unafanya nini hapa?"

"Nakaa."

"Chumbani kuna hewa nzuri! Kwa nini unatoka kwenye hewa nzuri?"

"Mule ndani sisikii kitu," alisema.

Nilidhani anazungumzia masikio. Nikapaza sauti zaidi. Akanipiga kofi la mkono, kofi hasa, kunyamazisha.

"Ile wakati kaka yako alikuwa Uvira," alisema, "chumba ilikuwa hivi hivi. Safi. Asubui naamuka, nanusa, hakuna. Mangaribi nanusa, hakuna. Banasema atarudi, banasema alikufa, mi najua nini? Mi nilikuwa nanusa tu. Siku arufu ilirudi nilijua amerudi, mbele hajafika kunisalimia. Sasa we umeniletea tena ile hewa."

Nilikumbuka miaka hiyo. Kaka alikimbilia Uvira, ng'ambo ya mpaka, usiku mmoja kama walivyokimbia wengi, gereji ikafungwa, na mimi nilifurahi. Nitaandika kama ilivyokuwa: nilifurahi kwamba mama anapumua. Nilikuwa nikimwona amelala na uso umeelekea kwenye matundu ya ukuta nikadhani anafuata ubaridi.

"Atakuwa anagonga ukuta," nilimwambia. "Akianza kazi, atagonga ukuta kwa nguvu, utasikia kwenye kitanda."

"Kugonga kila mutu anagonga," mama alisema. "Apana. Usiniambie kugonga."

Kaka aligeuka akajifanya anatafuta kitambaa. Halafu akasema, mgongo ukiwa kwangu, bila chumvi hata punje: "Fanya kitu, Prof."

Nilimchukia mama siku ile. Nilimchukia kwa kila gunia, kwa kila ganda la ndizi, kwa mikono yangu, kwa kuchagua tena, akiwa na umri wote huo na kifua hicho, yule yule aliyemchagua siku zote. Nilikwenda Kinanira nikaomba kile chumba kama bado kipo, kwa ajili yangu mimi. Kilikuwepo. Nilisimama dirishani nikaona ziwa lote, na nikafikiri kwamba keshoye, kompresa ikiwaka, mama ataweka miguu chini atafute ukuta wa kushika mpaka gereji.

Nikarudi. Nikafungua kisanduku. Kwenye ukuta wa mama nikazibua tundu moja kati ya yale niliyoyaziba, nikaliwekea kikopo chenye makaa, na nikaanza kuyapunguza makaa hayo kidogo kidogo. Kikopo kikijaa, hakupiti harufu na mama anatoka kitandani. Kikiwa kitupu, filimbi inarudi kifuani. Nilipunguza, nikasubiri, nikarudishia gao moja, nikasubiri. Kila Jumapili nayabadilisha, kwa sababu yakishiba yanaachia zaidi ya ninavyotaka. Kazi yangu ya pili ndiyo hii: nampimia mama yangu sumu, kiasi cha kumtuliza na kisichofika cha kumuua. Daktari aliponiuliza kama ile rangi imeondoka nilisema ndiyo. Kaka anajua. Siku akiwa na kazi kubwa huja kuniambia mapema, na mimi naongeza makaa.

Juzi nilikuwa mlangoni pa mama nikifunga viatu niende shule. Kompresa ilianza kuunguruma mbele. Yeye hakuisikia, alikuwa amelala chali, tasbihi imekwama kidoleni, macho yako kwenye ukuta. Muda ukapita. Kisha pua yake ikatanuka, akavuta pumzi, akakohoa mara moja.

"Ameanza kazi," alisema, akafumba macho.

Nilibaki nimeinama na kamba ya kiatu mkononi, nasubiri nione kama atakohoa mara ya pili.